Nywele za Kipilipili na Elimu ya Uani

Yapo mambo ya utamaduni ambayo watu huyatolea hotuba, na yapo mengine ambayo hutendwa kila siku pasipo mtu kuyataja. Ngoma zina waandishi wake. Kadhalika misemo, vyakula na mavazi. Nywele hazina. Ukimwuliza mtu habari za nywele hucheka, akaona kuwa hilo ni jambo la wanawake na vioo vyao, lisilostahili karatasi ya serikali. Hata hivyo, ni chache sehemu za mwili wa Mwafrika zilizowahi kutolewa amri, kutozwa kodi na kupakwa dawa za kila namna kama zilivyofanyiwa nywele zake. Jambo lililopata taabu kiasi hicho halikosi kuwa na maana.

Katika kazi yangu ya utamaduni hapa Biharamulo nimekutana na wanawake wengi, wasichana kwa wazee, na baada ya mazungumzo rasmi kwisha swali lao huwa moja: nywele zangu ni chache, nifanye nini nyumbani zijae bila kuziharibu? Nami jibu langu limekuwa lile lile kwa miaka mingi. Nywele hazijazwi, hutunzwa zisipungue, kisha hufunguliwa zionekane. Anayetaka kujaza kwa haraka ndiye apunguzaye. Maneno hayo yanahitaji maelezo, na maelezo yenyewe hayatoki kwangu peke yangu. Mengi ni ya mama zetu waliotusuka uani, na machache ni ya wataalamu waliochunguza unywele chini ya hadubini wakakuta kuwa mama zetu hawakukosea sana.

Tuanze na asili ya kitu chenyewe. Watu wa pwani walitofautisha zamani nywele za singa, zilizonyooka na kuanguka, na nywele za kipilipili, zilizojikunja. Unywele wa singa ukikatwa na kutazamwa kichwani mwake huonekana wa mviringo, ilhali wa kipilipili umebonyea kama utepe, nao hujizungusha tangu unapotoka katika ngozi. Katika kila mzunguko pana pahali pembamba panapoweza kuvunjika. Tena mafuta yatokayo katika ngozi ya kichwa huteremka upesi katika unywele ulionyooka, lakini katika uliojikunja hukwama njiani, ncha zikabaki kavu. Kwa hiyo nywele zetu, ambazo kwa macho ni imara, kwa kweli ni dhaifu kuliko zionekanavyo.

Jambo la pili ni kunywea. Nywele za kipilipili zikikauka hujivuta zikawa fupi kuliko urefu wake wa kweli. Unywele wenye sentimita ishirini huweza kuonekana kana kwamba hauna hata kumi. Mwanamke ajitazamapo katika kioo huona kichwa chenye nywele chache zilizoshikamana, akalia umaskini, kumbe ana mali iliyokunjwa. Hapo ndipo ilipo siri nzima ya ujazo. Kazi ya kwanza si kuongeza, ni kukunjua.

Na ujazo huo si jambo geni katika nchi hizi. Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, vijana wa zamani na wasichana wasioolewa walikuza na kunyoa nywele kwa mtindo wa amasunzu, nywele zikasimama juu ya kichwa kama matuta yaliyopinda mfano wa mwezi mchanga. Mtindo wa namna hiyo hauwezekani ila kwa nywele nyingi, nzima, zinazoweza kusimama. Walioupamba mwili kwa namna hiyo hawakuwa na dawa ya duka wala kichwa cha kununua.

Njia ya kukunjua iliyoenea zaidi katika nyua zetu ni uzi. Nywele huoshwa, zikakamuliwa kwa kitambaa bila kusuguliwa, zikaachwa na unyevu kidogo. Hugawanywa mafungu, na kila fungu huzungushiwa uzi kuanzia shinani hadi nchani. Uzi usikazwe penye ngozi. Ukazwe kidogo katikati, na ncha zifungwe zisibaki wazi. Mtoto akifungwa hivyo, mafungu yakasimama, sisi husema amefungwa mabutu. Hulala nayo usiku, na nywele zikishakauka kabisa uzi hufumuliwa. Zilizokuwa zimenywea huwa zimenyooka bila moto, nyepesi, zikisimama zenyewe. Mwenye kutaka duara kubwa hutia chanuo la meno mapana shinani, akainua taratibu, wala hachani hadi nchani.

Jambo hilo lina sababu yake katika elimu ya kemia. Ndani ya unywele mna vifungo vidogo ambavyo maji huvifungua, na unywele ukikauka hujifunga upya katika umbo ulilokutwa nalo. Ukiukausha ukiwa umevutwa na uzi, hukaa umevutwa. Ukiurudishia maji, hurejea kujikunja. Hakuna kilichovunjwa. Moto wa chanuo la kuchomea ukizidi huunguza. Ama dawa ya kulainishia hupita vifungo hivyo vidogo ikavunja vile vikubwa vinavyoupa unywele nguvu yake, navyo havirudi tena. Dawa nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kwa alkali kali, na nyingine zina magadi yale yale yatumikayo kutengenezea sabuni. Si ajabu kwamba huchoma.

Wazee walitupa pia methali ambayo twaitumia kwa mambo ya dunia tukasahau maana yake ya kichwani: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Maji ndiyo mwanzo wa kila kazi ya nywele. Kichwa cha kipilipili kichanwacho kikavu hukatika, na mwenye kukichana huona nywele zimejaa katika kitana akadhani zimenyonyoka zenyewe. Ni kweli kwamba kila binadamu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, nazo ni chache mbele ya laki moja hivi zilizo kichwani. Lakini unywele uliodondoka kwa wakati wake huwa na kijipande cheupe mwishoni. Usio nacho, aghalabu umekatwa na mkono wa mchanaji.

Baada ya maji ni mafuta, na mafuta yana adabu yake. Hayaleti unyevu, huzuia unyevu uliopo usitoroke. Kwa hiyo hupakwa nywele zikiwa na maji, si zikiwa kavu, na hupakwa kidogo. Anayejimiminia mafuta ili nywele zijae hupata kinyume chake, kwani huzilaza zikawa nzito, na vumbi jekundu la barabara zetu wakati wa kiangazi likazigandia. Hapa kwetu mbarika huota kandokando ya nyumba bila kupandwa. Mbegu zake hukaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa katika maji, na mafuta yakienea juu huenguliwa. Ndiyo mafuta ya nyonyo. Ni mazito, hivyo huchanganywa na mengine mepesi kama ya nazi au ya alizeti. Mbegu mbichi zenyewe ni sumu, na mama mwenye watoto wadogo hana budi kuziweka mbali. Ama sabuni ya mche ya kufulia, iachwe kwa nguo.

Yaongezwe mawili ya mwili. Nywele hula kile alacho mwenyewe. Mwenye kupungukiwa damu, au aliyeishi kwa ugali na chumvi, hatajaza kichwa kwa mafuta ya aina yoyote. Dagaa wa ziwa letu, maharage na mchicha ni sehemu ya ususi. Tena mwanamke aliyejifungua huona nywele zikipukutika kuanzia mwezi wa tatu hivi, akatishika. Asikimbilie dukani. Aghalabu hurudi zenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka. Lakini penye mabaka, magamba au usaha, hiyo si kazi ya msusi. Ni ya zahanati.

Kitu kimoja hakinunuliwi, nacho ni wakati. Kichwa kimoja huweza kumaliza alasiri nzima, mmoja akiketi kwenye kigoda na mwingine mkekani kati ya magoti yake. Katika muda huo msichana husikia habari za ukoo, hufundishwa salamu za wakwe, huonywa na kuchekeshwa. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na nathubutu kusema kuwa nilijua usawa wa mistari kichwani kabla sijajua usawa wa mizani katika mishororo. Hata haraka ilikuwa na mahali pake. Upo mtindo wa mistari michache minene uitwao twende kilioni, usukwao chapuchapu mtu apatwapo na msiba ili asiende matangani kichwa wazi. Jina hilo lina mafunzo. Waliolibuni walijua kuwa haraka katika kusuka inataka sababu nzito, na sababu waliyoikubali ni kifo. Leo twasukwa kwa haraka ya kifo siku za furaha.

Mnyororo wa mafunzo hayo umekatika wapi? Nadhani umekatika pahala ambapo hatukukusudia. Katika shule nyingi za serikali wasichana hunyolewa nywele zikawa fupi, kwa ajili ya usafi, usawa na kutunza muda wa masomo. Sibishani na nia hiyo. Mtoto wa mkulima na wa mkurugenzi wakikaa dawati moja na vichwa vilivyofanana, hilo ni jambo jema. Lakini tutazame matokeo. Msichana humaliza Kidato cha Nne akiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane, na hajapata hata siku moja kuzitunza nywele zake mwenyewe zikiwa ndefu. Uani hakukaa. Zinapoanza kukua huziona kama adui asiyemjua, na mtu wa kwanza kumwelekeza ni muuza dawa.

Matokeo yake twayaona stendi, sokoni na kanisani: mabinti wa miaka ishirini na kitu ambao nywele za mbele na za kando ya masikio zimekwisha, paji la uso limepanda hadi utosini. Ugonjwa huo hauna rangi. Ulielezwa na mtaalamu mmoja mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland, kwenye nchi ya barafu, waliokuwa wakizivuta nywele zao na kuzikaza nyuma. Shina la unywele likivutwa siku nyingi huchoka, huvimba, na mwisho hufa likaacha kovu. Mwanzoni kuna maumivu na vipele vidogo, na mtu akifumua wakati huo nywele hurudi. Akingoja mpaka ngozi ing'ae, hazirudi. Kwa hiyo lile neno la wasusi, "Vumilia, ndiyo urembo," ni neno la hatari. Kusuka hakupasi kuuma. Ukisukwa usiweze kuinua nyusi wala kulala, fumua usiku huo huo, hata kama umelipa. Na rasta nzito juu ya nywele zilizokwisha kulainishwa kwa dawa ni kumtwika gunia mgonjwa.

Pengine msomaji atasema hayo yote ni ya urembo tu. Kwetu mkoani Kagera si urembo tu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa katika mkoa huu. Sisi tuliokuwa vijana miaka iliyofuata twakumbuka namna watu walivyosomwa vichwani. Mwanamke ambaye nywele zake zimekuwa chache na laini alihukumiwa kisimani kabla hajafika hospitali. Wengine waliugua kweli, wengine walikuwa na homa au uzazi tu, lakini macho ya kijiji hayakutofautisha. Dawa za kufubaza virusi zimekuja na watu wanaishi. Ile tabia ya kusoma afya ya mtu katika nywele zake haijaondoka. Kwa sababu hiyo mwanamke wa huku anapotaka kichwa kilichojaa, mara nyingi haombi sifa. Anaomba aachwe.

Nililiona hilo kwa binti wa dada yangu. Alitujia mwezi wa sita kutoka mjini, harusi yake ikiwa mwezi wa tisa, kichwani amefunga kilemba asichotaka kukivua. Miaka mitatu alikuwa amesukwa rasta nzito mfululizo juu ya nywele za dawa, katika saluni moja ambayo haina haja ya kutajwa. Dawa aliiacha mwezi wa kumi uliotangulia, rasta hakuziacha. Alimsalimu mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka themanini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Vua kilemba nikuone."

Alivua. Mama alipitisha vidole pembeni mwa paji, kimya, kisha akasema, "Shamba hili halikukosa mbegu. Limelimwa mno."

Binti alilia. Alitaka tumsaidie fedha za wigi. "Mama mdogo," aliniambia, "nikisimama hivi mbele ya watu watasema naumwa."

Mama ndiye aliyemjibu. "Watasema siku hiyo. Mwezi wa pili watachoka."

Sikuona kuwa jibu hilo limemtuliza, wala halikunituliza mimi. Lakini kazi ilianza. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo tangu alipoacha dawa alikuwa na sentimita nane hivi za nywele zake halisi, na kwenye ncha zake zilining'inia zile zilizolainishwa. Mama alizikata hizo kidogo kidogo kila baada ya majuma mawili, ili macho ya mwenyewe yazoee. Kila Jumamosi ziliguswa maji, mafuta kidogo, na uzi usiokazwa. Sehemu za pembeni hazikufungwa kabisa. Usiku alilala na kitambaa laini kichwani, maana pamba ya mto hunyonya unyevu na kuzisugua nywele.

Siku ya kuagwa kwake uzi ulifumuliwa alfajiri. Sentimita kumi na moja si nyingi, lakini zilizokunjuliwa zilifanya duara jeusi lililouzunguka uso wake wote. Upande wa kushoto wa paji palikuwa na malaika ya nywele mpya. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Alifunga utepe wa kitenge juu yake, akatoka. Mnong'ono ulikuwapo, niliusikia. Mama mkwe wake alimwita karibu, akamwuliza ni nani aliyemfunga uzi, na binti akamwonyesha bibi yake. Hadi leo ule upande wa kulia haujajaa, na daktari wa ngozi amemweleza kuwa mashina yamekufa. Hilo nalo ni sehemu ya habari hii, nami silifichi, kwani anayeahidi kuwa kila kilichoharibiwa hurudi ni mwongo au mfanyabiashara.

Taifa letu limewahi kujaribu njia nyingine. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 wigi zilipigwa marufuku pamoja na sketi fupi, suruali za kubana na madawa ya kuchubua ngozi. Mjadala mkali ulizuka magazetini: nini ni cha Kiafrika, na kwa nini mwili wa mwanamke ndio uwe uwanja wa vita hivyo. Miaka hamsini baadaye, bajeti ya mwaka 2019/20 ilileta ushuru wa asilimia 10 kwa nywele bandia zitengenezwazo nchini na asilimia 25 kwa zinazotoka nje. Sitoi hukumu juu ya maamuzi hayo. Kila wakati una sababu zake. Nasema tu kwamba amri yaweza kumvua mtu wigi, na ushuru waweza kuipandisha bei, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kimfundishacho mtu kutunza kilicho chini yake. Mwanamke aliyepoteza nywele zake, ukimnyang'anya wigi, umemwachia aibu tu.

Wala simlaumu avaaye wigi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mwenye wigi huenda ana sababu ambayo sisi hatujui. Ninachodai ni kwamba asiivae kwa kukosa elimu.

Hivyo basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, somo la kutunza nywele liingizwe katika stadi za maisha kwa wasichana wa vidato vya juu, hata kama vichwa vyao ni vifupi. Mtu hufundishwa kilimo kabla ya kupewa shamba. Pili, vyuo vinavyofundisha ususi, vikiwamo baadhi ya vyuo vya VETA, vihesabu kuwa ni kosa la kazi kumsuka mteja hadi aumie, kama vile fundi ujenzi ahesabiwavyo kosa kwa ukuta uliopinda. Tatu, na hili latuhusu sisi maofisa wa utamaduni, tuyaandike majina ya mitindo na namna ya kuisuka kabla wazee hawajatutoka. Hapa Biharamulo wanaishi Wasubi, Wazinza, Wahaya, Wahangaza, Waha na Wasukuma, na kila nyumba niingiayo hunipa jina nisilolijua. Daftari nililolianza halijajaa. Mwenye bibi aliye hai na aende kwake Jumamosi hii na chanuo, kopo la maji na kalamu.